Mwaka Nilioleta Shaba Makambako

Fundi Mtewele alisema maji yatatoka kila mahali isipokuwa kwenye koki. Madereva waliokula hotelini karibu na stendi ya Makambako walisema nitamaliza mwaka nikiwauzia wafua bangili mabomba yangu ya shaba. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye hakuwahi kulishika bomba la shaba maishani mwake, alisema lehemu ni ya kuzibia sufuria na birika, na kwamba mtu mwenye akili zake haitegemezi nyumba nzima kwa bati lililoyeyushwa. Niliwasikia wote. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimerudi kutoka Kitwe na diploma ya ufundi bomba niliyoisomea kwa kazi za mikono yangu mwenyewe, mchana nikichimba mitaro ya watu na jioni nikikaa darasani. Nilijua kitu ambacho, kwa kadiri nilivyoweza kuulizia, hakuna fundi mwingine aliyekijua kati ya Mafinga na Songea. Sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ya chini.

Mwezi uliopita tulimzika Fundi Mtewele kijijini kwao Kichiwa. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, tukakaa kwenye mabenchi ya kanisa yaliyopangwa uani, tukala wali na maharage kwenye sahani za bati huku mvuke ukitupanda usoni. Mjane wake alipita akigawa chai. Alipofika kwangu alisimama, akanitazama kwa macho ya mtu aliyelia siku nyingi na sasa anataka kupumzika kidogo. "Shemeji Diploma," aliniambia, maana jina hilo halijaniacha hadi leo, "waeleze hawa wajukuu habari ya ugali. Mwenyewe alikuwa anaipenda sana." Nikawaeleza. Watu walicheka pale msibani hadi mchungaji akaja kuangalia kuna nini, naye akabaki kusikiliza. Niliporudi nyumbani kwangu Njombe nilifungua koki ya bafuni, maji ya moto yakatoka kwa nguvu ileile, nikaona ni vyema mwaka ule niuandike wote wakati bado naukumbuka vizuri.

Niliporudi kutoka Zambia nilishuka kwenye treni Makambako nikiwa na sanduku la vifaa, taa ya moto ya kulehemu, ya kupampu kwa mafuta ya taa, na vipande vichache vya bomba jekundu nilivyovifunga kwa kamba ya katani. Mji ulikuwa umeanza kuchangamka. Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, maduka yaliyokuwa na viberiti na chumvi tu yakawa na redio, mabati, rangi za nyumba na mitumba iliyoning'inia hadi barabarani. Kila mwenye lori alikuwa anajenga gesti, na kila gesti ilikuwa na ubao unaosema kuna bafu. Bafu lenyewe lilikuwa chumba chenye ndoo. Ukitaka maji ya moto ulimwomba mhudumu, akaenda kuwasha moto nyuma, akarudi baada ya muda mrefu na karai lililojaa moshi na vipande vya majani. Mimi nilipanda gari la Njombe siku hiyohiyo, nikapata chumba kwa Mama Upendo, mjane wa Kilutheri aliyekuwa na nyumba ya mbao upande wa juu wa mji.

Chumba kile ningeweza kukichora nikiwa nimefumba macho. Kitanda cha mbao za msindano, blanketi mbili nzito, dirisha dogo ambalo asubuhi za Juni lilikuwa jeupe kwa barafu, na ukuta mwembamba uliotenganisha kitanda changu na jiko la Mama Upendo. Niliamshwa na sauti ya kuni zikivunjwa, kisha sauti ya sufuria kubwa ikiburutwa, kisha yeye mwenyewe akisema na Mungu na kulalamika juu ya mgongo wake katika sala moja. Kuchemsha maji ya nyumba nzima ilikuwa nusu ya siku yake. Alinipa viazi vya kuchemsha na chai ya maziwa, na siku za Jumapili makande yaliyolala jikoni usiku kucha. Wiki ya pili nikamwambia, "Mama, nipe ruhusa nifungue ukuta wa jiko lako."

"Kwani Zambia walikufundisha kubomoa?"

"Walinifundisha kuoga bila kulia, mama."

Alicheka, akaniruhusu. Nililizungusha bomba la shaba kama nyoka aliyelala, nikaliweka ndani ya jiko, nyuma ya kuni, likiwa kipande kimoja kisicho na kiungio ili moto usikute mahali pa kuyeyusha. Juu, darini, niliweka pipa, nikalizungushia maranda ya mbao kutoka kiwanda cha jirani yakashika joto kama blanketi. Maji baridi yakashuka, yakapita motoni, yakapanda yenyewe yakiwa moto. Wakati Mama Upendo anapika ugali wake wa kawaida, kwa kuni zilezile, pipa lilikuwa linajaa maji ya kuoga. Siku ya kwanza alipofungua koki alirudisha mkono haraka, akautazama, akaifungua tena. Kisha alikwenda kuwaita majirani. Kwa wiki nzima sikuweza kunywa chai yangu kwa utulivu, maana jikoni kulikuwa na wanawake waliokuja kunawa mikono.

Mmoja wa waliokuja kunawa alikuwa Mzee Salum, mfanyabiashara kutoka Kondoa aliyehamia Makambako zamani, mwenye malori mawili na ghala la mazao. Alikuwa amekuja kununua viazi vya Mama Upendo. Alinawa, akafuta mikono kwa leso nyeupe, akauliza nani amefanya. Nikasema ni mimi, nikamwambia na mengine ambayo hakuuliza: kwamba bomba la chuma huota kutu ndani, tundu lake likazidi kuwa jembamba kila mwaka hadi maji yakatoka mekundu na kwa kudondoka; kwamba la plastiki tulilokuwa nalo madukani hulainika kwa maji ya moto kama mshumaa; kwamba shaba haioti kutu ile, ukuta wake ni mwembamba, ni nyepesi hata mtu mmoja anabeba mabomba ya nyumba nzima begani, na inapindika kufuata kona ya ukuta. Nikamwonyesha kiungio nilichokiunga kwa lehemu, hakina nyuzi za skrubu, hakina katani ya kuzibia, ni pete ndogo tu inayong'aa kuzunguka bomba. Alikigeuza kwenye mwanga wa dirisha kwa muda.

"Kijana, unajisifu sana," alisema.

"Ndiyo, mzee. Lakini maji umeyaona."

Akanipa gesti yake. Nasema akanipa, ila masharti yake yalikuwa ya mfanyabiashara. Jengo lilikuwa limefikia lenta, vyumba vya mbele na vya nyuma vikitazamana, na alitaka bafu la maji ya moto katika kila chumba, jambo ambalo halikuwapo katika mji ule. Mabomba nitafute mwenyewe. Malipo yatatolewa siku maji yatakapofika katika koki zote na viungio vyote vikiwa vikavu. Kiungio kimoja kikivuja, nitang'oa kila kitu, na Fundi Mtewele ataweka chuma. Mtewele alikuwa tayari ana kazi pale, ya kuleta maji kutoka bomba la mji hadi kwenye tangi la juu. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza mtu aliyengoja nishindwe alikuwa anafanya kazi hatua chache kutoka kwangu.

Shaba ilikuwa Zambia, nami sikuwa na kitu. Ni Mama Upendo aliyenipeleka kwa kaka yake Kichiwa, Mzee Kiswaga, mzee wa kanisa na mkulima wa maharage. Tulikaa sebuleni kwake baada ya ibada, kwenye viti vyenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, pamoja na wakulima wengine aliowaita. Walikuwa wametoka kuvuna. Upande wa Zambia maharage yetu yalikuwa yanatafutwa sana, na mpaka ulikuwa umelegea kwa wafanyabiashara wadogo. Nilichoomba ni wanikopeshe magunia yao niyapeleke, nirudi na shaba. Mzee Kiswaga alisubiri mpaka watu wote wamepewa mahindi ya kuchoma ndipo akaanza.

"Dada yangu anasema umemwekea moto kwenye bomba."

"Maji, baba. Moto uko jikoni."

"Hiyo diploma unayo hapa?"

Niliitoa. Mama mmoja mnene aitwaye Mama Atu alifuta mikono kwenye kitenge kabla ya kuishika, akasema ni Kiingereza, nisome. Nikaisoma yote na kuitafsiri, pamoja na daraja nililopata, tena hilo nililirudia.

"Inasema umefaulu," alisema Mzee Kiswaga.

"Kwa daraja la juu."

"Haijasema kama unarudisha maharage."

Walicheka mpaka sahani zikatikisika. Mama Atu ndiye hakucheka. Alinirudishia diploma yangu akasema polepole, "Haya unayoyaona ni mbegu, mwanangu. Mvua za kupandia zikianza, sitaenda shambani kupanda karatasi yako." Nilimwambia yatarudi kabla ya mvua. Alinitazama usoni kama anavyotazamwa ng'ombe mnadani, halafu akaenda yeye mwenyewe kulifungua ghala. Walipima kwa debe, kila debe likipigwa mti juu ili liwe sawa, bila kuzidi wala kupungua. Nilisimama pale nikitazama mbegu za familia kadhaa zikimwagwa katika magunia yangu. Kujisifu kwangu kote kulikaa kimya kwa muda. Kisha tulipopakia lori kulirudi.

Nilivuka mpaka, nikayauza maharage, nikarudi na shaba kwa treni ileile. Makambako yote ilijua kwamba mabehewa yaliyofunikwa maturubai yalikuwa yanapitisha shaba kwenda bandarini, kwa hiyo nilipotoka stesheni na mkokoteni wa mabomba mekundu yanayong'aa, swali la kwanza la kila mtu lilikuwa nimeyachomoa behewa gani. Nilikuwa na stakabadhi zote, nikawaonyesha hata wasiojua kusoma. Mchana ule nilikwenda kula hotelini. Nilikaa nyuma ya ukuta wa mianzi uliotenganisha meza za familia na za madereva, nikiwa na chapati na maharage, nikawasikia wanazungumza.

"Yule wa Zambia anaunga kwa risasi, kama mama anavyoziba birika."

"Maji ya moto yakipita si itayeyuka?"

"Itayeyuka. Wewe utakuwa umejipaka sabuni, halafu unasikia pwaa, bomba liko miguuni."

"Mwenyewe anasema ana diploma."

"Diploma ya birika."

Niliinuka na sahani yangu, nikazunguka ukuta, nikakaa katikati yao. Nikawaambia kwamba maji hata yakichemka hayafiki karibu na joto linaloyeyusha lehemu, na kwamba bomba lenye maji ndani hata ukiliwasha moto nje halishiki lehemu, kwa sababu maji yanaiba joto lote. Hilo la pili lilikuja kunirudia mwenyewe baadaye. Dereva mmoja alisogeza benchi akanipisha, akaniagizia chai, akasema, "Basi Diploma, tutakuja kuoga. Ila mimi nitaoga na viatu."

Kazi yenyewe ilikuwa furaha tupu. Mtu ambaye hajawahi kulehemu shaba hajui raha niliyokuwa nayo katika jengo lile lisilo na dari, jua la baridi likiingia kutoka juu, nikipiga mluzi nyimbo za kwaya. Unalikata bomba kwa kikata chenye gurudumu dogo, linalia kidogo kisha linaachia. Unasugua ncha kwa msasa mpaka iwe na rangi ya ngozi ya mtoto aliyeogeshwa. Unapaka dawa, unaingiza kiungio, unawasha taa, unakipasha joto kiungio chenyewe, siyo lehemu. Halafu unagusa tu. Lehemu inaingia yenyewe ndani ya nafasi nyembamba kama unywele, hata ukiwa umeelekeza bomba juu, inapanda, na kuzunguka pande zote inatokea ile pete nyeupe. Nilitumia bati lenye shaba kidogo, siyo risasi, kwa kuwa watu watayanywa yale maji. Mtewele upande wake alikuwa na jiriwa, spana kubwa mbili na dumu la mafuta, anakata nyuzi kwenye mabomba ya chuma huku jasho linamtoka katika baridi ile. Kila alipomaliza kiungio kimoja mimi nilikuwa nimemaliza ukuta. Mahali chuma chake kilipokutana na shaba yangu niliweka kiungio cha shaba ya njano katikati, maana vyuma hivyo viwili vikigusana moja kwa moja vinakulana. Aliniuliza kwa nini. Nilimweleza. Alisema, "Hata mabomba yako yana ukabila," kisha akafunga kama nilivyosema.

Alikuwa fundi mzuri, sikatai. Ila alikuwa na imani moja ambayo mafundi wote wa chuma wa wakati ule walikuwa nayo: bomba jipya lazima lilie. Ukimaliza kufunga, nyuzi zinatoa machozi siku kadhaa, mpaka kutu kidogo iingie na kuziba. Mwenye nyumba anaambiwa avumilie. Kwake yeye kiungio kisicholia siku ya kwanza kilikuwa kitu kisichowezekana, na hapo ndipo aliponingojea.

Siku moja kabla ya majaribio, tangi likiwa limekwisha kujazwa, niligundua tawi la kwenda vyumba vya nyuma limebaki na kona moja isiyoungwa. Valvu ya tangi ilikuwa inapitisha matone, na matone hayo yalitosha kunizuia, kwa ile sababu niliyowaeleza madereva. Fundi aliyesoma ana jibu la jambo hili. Unachukua nyama ya mkate mweupe, bila ganda, unaifinyanga, unaisukuma ndani ya bomba. Inayanywa matone kwa dakika chache unazohitaji, unalehemu, halafu ukifungua maji mkate unayeyuka na kutoka kwenye koki. Nilikuwa juu, kwenye tangi, nakaza valvu. Niliagiza mkate hotelini, nikampigia Mtewele kelele kutoka juu: "Kaka, nisaidie. Sukuma mkate ndani ya bomba la nyuma, nashuka kulehemu." Akajibu, "Sawa, Diploma." Nikashuka, nikakuta bomba kavu kabisa, nikalehemu, pete ikatokea nzuri, nikaenda kulala kwa Mzee Salum nikiwa mtu mwenye raha kuliko wote Makambako.

Kesho yake baada ya sala ya adhuhuri walikuja watu wengi kuliko nilivyodhani. Walikuwapo madereva, mwenye duka la vifaa, na Mama Upendo na kaka yake waliokuja kwa gari la asubuhi, pamoja na Mama Atu. Mawingu yalikuwa yameanza kujaa upande wa Njombe, na Mama Atu aliyatazama hayo kuliko alivyolitazama jengo. Mtewele alikuwa ametandika karatasi kavu za gazeti chini ya kila kiungio, amezikandamiza kwa mawe, ili chozi lolote lionekane. Jiko la uani, lenye bomba la kuzunguka kama la Mama Upendo, lilikuwa linawaka tangu asubuhi. Nikafungua valvu. Tukaingia vyumba vya mbele, Mzee Salum akafungua koki, maji yakatoka, ya baridi kisha ya vuguvugu kisha ya moto kabisa. Watu wakaguna. Tukavuka kwenda vyumba vya nyuma. Mzee Salum akafungua koki ya kwanza, ikatoa pumzi, ikanyamaza. Ya pili ikanyamaza. Ya mwisho haikutoa hata pumzi.

"Shaba imekataa," alisema Mtewele, na hakuwa na haja ya kupaza sauti.

Mwenye duka alicheka. Mzee Salum alinitazama tu, leso mkononi. Niliona Mama Atu ameketi juu ya tofali, amejifunika kanga kichwani, anatazama mawingu. Nilifuata bomba kwa kuligonga na kwa kuligusa, joto likafika hadi kwenye ile kona na hapo likaishia. Nikamgeukia Mtewele.

"Kaka, ule mkate uliusukuma umbali gani?"

"Mkate upi?"

"Mkate niliokuambia uzibe."

"Aa, ule." Alikuna shingo. "Ule niliunywea chai. Mkate ni kitu laini, Diploma, utazibaje bomba? Mimi niliweka ugali. Tena niliushindilia kwa mpini wa nyundo. Ugali ndio unashika."

Mwenye duka aliacha kucheka. Kisha Mama Upendo akaanza kucheka polepole, mkono mdomoni, na Mzee Kiswaga akauliza, "Ugali wa sembe au wa dona?" Mtewele akajibu kwa unyofu kabisa kwamba ulikuwa wa sembe, ulibaki kwenye chakula cha mchana cha mafundi, na hapo jengo zima likaanguka kwa kicheko. Alikuwa amefanya kwa nia njema. Kwa fundi wa chuma, kuziba ni kuziba, na alichagua kilicho bora. Moto wa taa yangu ukauoka ugali ule humo ndani ukawa jiwe.

"Sasa utang'oa," alisema mwenye duka. "Kuanzia koki ya mwisho, kiungio kwa kiungio, mpaka ufike hapo. Kesho kutwa."

Hapo ndipo aliponipa nafasi ambayo nisingeweza kuinunua. Kwenye chuma angekuwa na haki. Nyuzi zimeshikana kama mnyororo, huwezi kufungua cha katikati bila kuanzia mwisho. Niliwaambia wote wasogee waone. Nikafunga valvu, nikayaacha maji yaliyobaki yatoke kwa koki za mbele, nikawasha taa. Nikaipasha joto ile kona, pete ya lehemu ikang'aa kama maji, nikaishika kwa koleo nikaichomoa kama mtu anavyochomoa kizibo. Viungio vya jirani havikutikisika. Nikachukua waya mnene nikasukuma, na ugali ukatoka, kipande kirefu cheupe, kimekaukia rangi ya kahawia upande mmoja, ukadondoka kwenye sakafu na kutoa mlio. Dereva mmoja aliuokota, akaunusa, akasema unahitaji mboga. Nikaomba mkate. Safari hii niliuona kwa macho yangu: dereva yuleyule alikimbia hotelini akarudi na mikate miwili mizima, na Mtewele ndiye aliyeutoa ganda na kuufinyanga, akaniuliza kama umekuwa laini vya kutosha. Nikasugua, nikapaka dawa, nikagusa lehemu. Chai iliyokuwa imemiminwa kabla sijaanza ilikuwa bado inatoa mvuke nilipomaliza.

Nikafungua valvu. Koki ya kwanza ya nyuma ikakohoa, ikatema makombo ya mkate kwenye kiatu cha Mzee Salum, kisha maji yakaja. Yakaja vyumba vyote. Tukayaacha mabomba yakiwa yamejaa hadi baada ya alasiri, tukala pilau uani, halafu Mtewele akapita peke yake chumba kwa chumba kukusanya magazeti. Alirudi na rundo, akaligawa kwa watu walipime kwa viganja vyao. Yalikuwa makavu yote. Akashika la mwisho kwa muda, lile lililokuwa chini ya kona ya ugali, akasema, "Halilii." Kisha akaniuliza taa kama ile inapatikana wapi. Tangu Jumatatu iliyofuata tulifanya kazi pamoja, na tulifanya hivyo mpaka mwili wake ulipokataa.

Mzee Salum alitimiza neno lake siku ileile, na sehemu niliyomwomba anipe kwa mazao alinipa kutoka ghalani kwake, maharage safi ya kupanda niliyoyachambua mwenyewe. Siku chache baadaye, mvua ya kwanza ikiwa imelowesha vumbi tu, alinipa lori liende Kichiwa kuwachukua walionikopesha. Sikutaka kuwapelekea mlangoni kama mtu anayekwepa. Nilitaka waje wachukue mbele ya macho ya Makambako. Walishuka wakiwa wamevaa nguo za kanisani. Niliwapimia kwa debe lao wenyewe, ila sikupiga mti juu. Nilijaza hadi kilele, yakawa yanamwagika, na magunia nikayafunga lumbesa, yamevimba kichwani. Mzee Kiswaga alisogea na kijiti mkononi akasema walinipa sawa na wanataka sawa. "Baba, kaa chini," Mama Atu alimwambia. "Acha mtoto apime." Yeye aliingiza mkono ndani ya gunia lake hadi kwenye kiwiko, akaleta juu kiganja cha mbegu kutoka chini kabisa, akazitazama, akazirudisha. Aliitikia kwa kichwa mara moja kuniambia ni nzuri.

Kisha kila mmoja alipewa chumba, taulo na sabuni, wakaoga. Nilikaa uani nikiyasikia mabomba yangu yakiimba ndani ya kuta, na watu wazima wakiitana kutoka chumba hadi chumba kuulizana kama na kwako ni ya moto hivi. Mmoja alianza wimbo wa kanisani, upande wa nyuma wakaupokea. Mama Atu aligoma kutoka. Dereva wa lori alipiga honi mara kadhaa, akajibiwa kutoka bafuni kwamba kama ana haraka atangulie na maharage. Mzee Kiswaga alitoka kabla yake, taulo shingoni, mvuke ukimtoka kichwani katika baridi ya jioni, akaja akakaa juu ya gunia lake. Alivaa viatu, akafunga kamba moja, akafunga ya pili. Alilitazama lori, akanitazama mimi.

"Mwakani," alisema, "utataka magunia mangapi?"